Nirudi Nairobi na gari langu la Leeds, au nisubiri litimize mwaka mikononi mwangu?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa mtaa wa Umoja, Nairobi, na kwa sasa niko Leeds, Uingereza. Nilifika huku Februari 2023 nikamwacha binti yangu kwa mama. Alikuwa na miaka sita. Sasa ana tisa, yuko Gredi ya Nne. Mkataba wangu wa kazi unaisha Novemba mwaka huu wa 2026 na nimeamua sirefushi. Nataka kurudi nyumbani.

Shida ni gari. Mwaka wa kwanza nilikuwa naazima gari la rafiki, naendesha kwa leseni yangu ya Kenya. Miezi 12 ilipokwisha nikaambiwa leseni hiyo haifai tena, nifanye mtihani wa huku. Nilianguka mara mbili. Machi nikapita, na tarehe 11 Aprili nikanunua Toyota Yaris ya haibridi, injini ya 1500, iliyosajiliwa mara ya kwanza Mei 2019. Bei pauni 9,800, nalipa kidogo kidogo kwa miezi 36. Mjomba, sijawahi kumiliki kitu kama hicho. Zamu ya usiku ikiisha natoka nje miguu imevimba, naingia garini, nafunga mlango, na kwa dakika tano hakuna anayeniita. Nimepanga Oktoba niende nalo hadi Uskoti, nizunguke wiki moja, kisha nilipeleke bandarini lipakiwe. Binti nimemwahidi kwamba nitakwenda kumchukua shuleni kwa gari letu wenyewe.

Kila mtu aliniambia anayerudi nyumbani halipi ushuru. Majuzi ndipo nikasikia kuna sharti la kumiliki gari miezi 12. Kaka yangu, anayeendesha teksi hapo Nairobi na ambaye angependa gari hili alifanyie kazi, anasema nimwombe aliyeniuzia aandike risiti nyingine ya Agosti mwaka jana. Tena amepata mtu anayetaka kuleta Prado kwa jina langu, na mimi nipewe shilingi 600,000. Mama naye anasema nikae tu hadi mwaka utimie, miezi mitano si mingi. Nyumbani nimekuja mara mbili: wiki tano kuanzia Januari 2025 tulipomzika baba, na siku 28 Krismasi iliyopita. Natamani kuja tena mwezi wa nane kwa mwezi mzima. Nifanyeje?

Muuguzi wa Leeds

* * *

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa msiba wa baba, na hongera kwa mtihani. Kuanguka mara mbili na kurudi mara ya tatu, huku unakesha wodini, si jambo dogo.

Kabla sijahamia Nairobi nilifanya kazi ya uwakala wa forodha Kilindini kwa miaka 14, na barua kama yako nimezisoma nyingi, ila wenyewe walikuwa wamesimama mbele yangu na gari likiwa tayari limeshuka melini. Wewe umeuliza gari likiwa bado kwenye maegesho ya hospitali. Hapo umeokoa pesa nyingi.

Tuanze na sharti lenyewe, kwa sababu mitaani linasimuliwa nusu nusu. Msamaha wa anayerudi umo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano. Unapewa mtu anayebadilisha makazi kwa dhati, aliyeishi nje angalau miaka miwili, na ambaye katika miaka miwili ya mwisho hakukaa nyumbani jumla ya siku 90. Gari ni moja tu, na lazima awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 au zaidi. Halafu kuna maneno machache ambayo watu huyaruka: muda wa safari ya baharini hauhesabiwi. Nilimhudumia mwalimu mmoja wa chuo aliyekuja na karatasi zake zote kwenye faili safi kabisa. Alikuwa amekaa na gari miezi 11 na siku kadhaa, akajumlisha na wiki za melini ili atimize mwaka. Alilipa ushuru wote. Nakumbuka alivyokaa kwenye benchi la ofisi yangu akiishika ile faili kama mtu aliyeshika cheti cha kifo.

Kwa hiyo wewe, ukipakia Oktoba, una miezi sita. Msamaha wa gari huupati. Hilo halina mlango wa nyuma, na nitakuja kwenye risiti ya kaka yako.

Shauri la mama la kusubiri linasikika la busara, na ungekuwa na gari jipya kidogo kuliko hili ningelipima. Lakini hapa kuna sheria ya pili inayokukaba upande wa pili. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Shirika la Viwango, KEBS, huitumia kwa kufuata mwaka wa kalenda: 2025 mwisho ulikuwa magari ya 2018, na 2026 ni ya 2019. Ukianza 2027, kwa hesabu hiyo hiyo, la 2019 limefungiwa nje. Tena kinachotazamwa ni gari kufika, kupakiwa hakutoshi. Anayerudi nyumbani naye hasamehewi sharti hili.

Sasa ziweke hizo mbili pamoja. Miezi 12 yako inatimia Aprili 2027. Gari lako linakatazwa kuingia kuanzia Januari 2027. Hakuna siku hata moja ambayo gari hili linatimiza masharti yote mawili. Ukisubiri kama mama anavyosema, utakuwa umekaa miezi mitano zaidi mbali na mtoto ili kupata haki ya kuleta gari lisiloruhusiwa kushuka Mombasa. Likishuka kwa bahati mbaya, hurudishwa lilikotoka au huharibiwa, na gharama ni ya mwenyewe. Mama hakujua hilo, wala usimlaumu. Yeye anataka urudi ukiwa umekamilika.

Unaweza kulileta kwa kulipa ushuru? Unaweza, likifika kabla ya tarehe 31 Desemba mwaka huu. Hebu tutazame bei ya kufanya hivyo, maana watu wengi hudhani ushuru unapigwa kwa bei ya risiti. Haupigwi hivyo. KRA, mamlaka ya ushuru, ina orodha yake ya bei ya kila aina ya gari likiwa jipya hapa Kenya, wanapunguza kwa kiwango cha uchakavu kulingana na umri, kisha wanapata thamani yao. Kwamba ulimpata muuzaji mzuri Leeds akakupunguzia, hilo ni jambo lako na yeye.

Chukua mfano wa thamani ya forodha ya shilingi milioni moja, ili hesabu iwe rahisi. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 1500 ni asilimia 20, lakini unapigwa juu ya milioni moja na hizo 350,000, kwa hiyo 270,000. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya yote hayo, 259,200. Ongeza ada ya tamko la bidhaa, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2, hizo ni 45,000. Jumla 924,200. Karibu unalinunua gari mara ya pili. Na una bahati injini yako haizidi 1500, kwani juu ya hapo ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 na mfano huo huo ungefika 1,002,500. Hapo sijataja nauli ya meli, bima ya shehena, ambayo sheria inataka ikatwe kwa kampuni ya bima ya hapa nchini, ukaguzi wa kabla ya kupakia, malipo ya bandari na ya wakala.

Kisha kuna bahari. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi kutoka Ulaya zimekuwa zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Mfereji wa Suez, kwa ajili ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu. Safari ikirefuka hivyo, gari linalopakiwa mwisho wa Oktoba kwa tarehe ya mwisho ya Desemba linanitia wasiwasi. Meli ikichelewa, au ikikaa nje ya bandari ikisubiri gati, hutaweza kumwambia KEBS kwamba wewe ulipakia mapema.

Nije sasa kwenye sentensi moja ya barua yako uliyoipita haraka: unalipa kidogo kidogo kwa miezi 36. Mpwa wangu, tafuta ule mkataba uusome leo. Kama ni ukopeshaji wa kawaida wa magari huko, ule wa kulipa hadi mwisho ndipo liwe lako, basi gari ni la kampuni iliyokukopesha mpaka pauni ya mwisho ilipwe, na huwezi kulitoa nchini bila ruhusa yao ya maandishi. Logibuku ya Uingereza, ile V5C, ina jina lako kama mtunzaji aliyesajiliwa, na yenyewe imeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Ukilipakia kimya kimya umesafirisha mali ya mtu. Hili peke yake lingetosha kuzuia mpango wako wa Oktoba, hata ungekuwa na miezi 20.

Kuhusu kaka yako. Najua kazi ya teksi Nairobi, bei ya mafuta na makato ya programu, na mtu anayelipa gari la tajiri kila jioni akiona dada yake ana gari lazima aote. Simhukumu kwa kuota. Lakini anachokuomba kinaweza kukufunga. Risiti ya Agosti haitakuwa peke yake mezani: kutakuwa na V5C yenye tarehe uliyolipata gari, bima yenye tarehe yake, mkataba wa mkopo wenye tarehe yake, na leseni uliyoipata Machi. Afisa wa forodha anasoma tarehe kama wewe unavyosoma chati ya mgonjwa. Kifungu cha 203 cha sheria ile ile kinaadhibu tamko la uongo kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani, na gari lenyewe linaweza kutaifishwa. Muuguzi aliyesajiliwa, mwenye leseni ya kazi katika nchi mbili, akipatikana na hatia ya kughushi, anapoteza zaidi ya gari.

Na hiyo Prado ikatae leo, kwa sauti, ili kaka asibaki na tumaini la kumrudia yule mtu. Msamaha ni wa gari ulilolimiliki na kuliendesha mwenyewe. Hiyo Prado hujawahi kuiona. Ikija kwa jina lako, mdaiwa ni wewe, mshtakiwa ni wewe, na aliyetoa 600,000 atakuwa hapokei simu. Isitoshe msamaha huu mtu hupewa mara moja. Nimewaona watu walioukodisha kwa rafiki, halafu miaka kadhaa baadaye walipohamia nyumbani kweli na gari lao halali, wakakuta jina lao limekwisha kutumika. Na hata anayeupata kihalali hawezi kuligeuza gari likawa biashara ya mtu mwingine siku ya pili. Akilihamisha kwa asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Kwa hiyo hata ungekuwa na miezi yako 12, gari la kaka lisingekuwa njia ya kukwepa.

Ushauri wangu, basi: gari libaki Uingereza, wewe uje Novemba.

Piga simu kwa waliokukopesha uombe hesabu ya kumaliza deni mapema, kwa maandishi. Ukishaijua, ulizia bei ya gari lako kwa wanunuzi watatu au wanne. Wengi wa wafanyabiashara wa magari huko hununua gari lenye deni, wanalipa kampuni moja kwa moja na kukupa kinachobaki. Kama bei haifiki deni, soma sehemu ya mkataba inayohusu kurudisha gari kwa hiari. Sheria ya mikopo ya Uingereza ya 1974 inampa mnunuzi wa mkopo wa aina hiyo haki ya kulirudisha akishalipa nusu ya jumla yote, na kama hajafika nusu anajazia ile tofauti. Kwa miezi saba huenda bado uko mbali na nusu, ndiyo maana nimeanza na kuuza. Tarehe utakayouza iwe ya mwisho mwisho. Nenda Uskoti kwanza. Safari hiyo umeifanyia kazi, na barabara hizo hutaziona tena kwa muda. Ukiuza, wajulishe DVLA, idara ya magari na leseni ya huko, miezi ya kodi ya barabara iliyobaki watakurudishia.

Pesa utakazookoa kwenye ushuru na meli, njoo nazo Nairobi. Yadi za Ngong Road na Kiambu Road zina magari yaliyokwisha kulipiwa kila kitu, na aliyelala na wasiwasi wa meli ni mtu mwingine. Nenda na makanika wako mwenyewe, wala usikubali yule wa yadi. Hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikilia. Kwa matumizi ya shule, kazini na sokoni, Vitz iliyotoka Japani itakufaa kuliko Yaris yako, na hili nalisema najua unaipenda. Yaris ya Uingereza ni ndugu wa Vitz na injini yake mafundi wengi wa Kirinyaga Road wanaijua, lakini bampa na taa zinaweza kutofautiana, na hapo ndipo utakapozunguka mji mzima baada ya mkwaruzo mdogo wa matatu. Kisha kuna chumvi. Kule wanainyunyiza barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke, inakula chuma cha chini pole pole. Gari la miaka saba lililoishi kaskazini mwa Uingereza linapaswa kuinuliwa na kuchunguzwa tumboni kabla mtu hajalisifu rangi.

Wasomaji wengine mlioko nje ambao bado mna muda, mambo haya yanawafaa mkiyajua mapema. Nunua gari angalau miezi 14 kabla ya siku unayokusudia kurudi, liwe na umri utakaobaki ndani ya miaka minane hata meli ikichelewa kuvuka mwaka, na liwe limelipiwa lote. Tunza bima na rekodi za matengenezo, hizo ndizo zinazoonyesha kwamba uliliendesha wewe. Likaguliwe na wakala aliyeteuliwa na KEBS kabla ya kupakiwa, maana cheti hicho kinapatikana huko na si Mombasa. Mlioko Ujerumani, Marekani na kwingine kunakoendeshwa upande wa kulia, gari la usukani wa kushoto haliingii Kenya kwa matumizi ya kawaida. Mwenye masharti yote aweza kuuza lile lake na kuomba KRA aruhusiwe kuleta la usukani wa kulia lenye thamani isiyozidi ya lile aliloliuza, lakini aombe kabla ya kupakia, akiwa na ushahidi wa umiliki na wa mauzo.

Tuje kwenye safari ya Agosti. Wiki tano ni siku 35, na 28 za Krismasi, jumla 63. Ukija mwezi mzima unafika 94, umevuka 90. Utasema gari limekwisha kuachwa, siku zina kazi gani tena? Ni kwa sababu ya vyombo vyako. Nguo, kitanda, mashine ya kufulia, vitu vya nyumbani ulivyovitumia huko, navyo vinasamehewa anayebadilisha makazi, vikiletwa ndani ya siku 90 tangu ufike. Ukitaka kuja Agosti, njoo wiki mbili. Au usije kabisa, ukaweka nauli hiyo.

Limebaki la binti, na hili ndilo lililonifanya niichague barua yako kati ya zote za wiki hii. Umesema ulimwahidi gari. Mtoto wa miaka tisa akisikia mama atamchukua shuleni kwa gari, neno analolishika ni mama. Lakini ahadi ni ahadi, kwa hiyo mwambie ukweli mapema, usingoje uwanja wa ndege: gari la Leeds haliwezi kuja, sheria imekataa, tutachagua jingine pamoja Nairobi. Siku ya kwenda yadi mchukue. Mwache akae kiti cha nyuma afunge mlango mwenyewe, na aseme lipi amelipenda. Mpaka hapo, hata mkishikana mikono kutoka lango la shule mpaka stendi ya matatu ya Umoja, atakuwa amechukuliwa.

Kaka yako mpe namba ya safu hii kupitia mhariri, nitazungumza naye mwenyewe kuhusu mikopo ya magari ya teksi inayotolewa na vyama vya akiba na mikopo. Wewe tafuta mkataba wako leo, na tiketi ya Novemba ikate kabla bei haijapanda ya Krismasi.

Mjomba